Wimbo ushikwe na mkono: mwongozo kamili wa kufundisha desturi za Kiyahudi kwa nyimbo kwenye shule za Reform

Niko Ohio, Marekani, mwaka wa 9 sasa, na kila Jumapili saa tatu asubuhi unanikuta kwenye ukumbi wa sinagogi na gitaa langu, mbele yangu watoto kama 40 wa miaka 5 mpaka 13, nusu yao bado wana usingizi. Mimi mzaliwa wa Mombasa, nimeolewa huku, nikaingia Uyahudi ukubwani, na kazi yangu ni mwalimu wa muziki. Huwa naulizwa sana na wenzetu. Wengine wameajiriwa kusaidia kwenye hizi shule za Jumapili za masinagogi na hawajui waanzie wapi, wengine wameoa au kuolewa kwenye familia za Kiyahudi na mtoto anarudi nyumbani anaimba kitu ambacho mzazi hakielewi, na kuna walimu wa Sande skuli huko nyumbani wanataka tu kujua wenzao wanafanyaje. Basi nimeamua niandike yote mahali pamoja, ni refu, chukua chai.

Kwanza ujue umeingia nyumba ya nani

Uyahudi wa Reform, yaani wa mageuzi, ulianzia Ujerumani karne ya 19 alafu ukaja kushika mizizi Marekani. Hapahapa Cincinnati ndo rabi Isaac Mayer Wise aliunganisha masinagogi yao mwaka 1873, na mwaka 1875 akaanzisha chuo cha marabi, Hebrew Union College. Ibada zao za zamani zilikuwa za ogani na kwaya, waumini wamekaa kimya wanaimbiwa. Kilichogeuza mambo ni makambi ya vijana ya wakati wa likizo. Kambi yao ya kwanza ilifunguliwa 1952 kule Oconomowoc, Wisconsin, na kwenye makambi hayo vijana walizoea kukaa chini ya miti na magitaa wakiimba sala wao wenyewe, sasa waliporudi mijini hawakutaka tena kuimbiwa. Debbie Friedman alitoka kwenye mkondo huohuo, alizaliwa 1951 akafariki 2011, na shule inayofundisha makantori wa Reform (kantori ni yule anayeongoza sala kwa kuimba) ikapewa jina lake mwaka huohuo aliofariki. Kwa hiyo ukiona mwalimu kashika gitaa kwenye sinagogi ya Reform hata siku ya Sabato, usishangae. Kwa Wayahudi wa Orthodoksi, wale wanaoshika sheria za zamani, vyombo havipigwi Sabato, huku vinapigwa, na ni vizuri ujue tofauti hiyo kabla hujaalikwa mahali ukaenda na gitaa lako mgongoni.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Reform wanasema kila mtu asome desturi, azielewe, alafu aamue mwenyewe atashika zipi. Kuna watu wanasikia hivo wanaona basi hakuna haja ya kufundisha kwa bidii, mtoto ataamua mwenyewe akikua. Mimi naona ni kinyume kabisa. Mtoto hawezi kuchagua kuwasha mishumaa ya Ijumaa jioni, Sabato inapoingia, kama hajui inawashwaje, hapo hajachagua chochote, amekosa tu. Kazi yetu ni kumpa mikono inayojua, uamuzi ni wake.

Na muda ni mdogo jamani. Kwetu ni masaa 2 kila Jumapili, Jumapili kama 30 kwa mwaka, hayo ni masaa 60, toa ya chai ya maziwa na biskuti, toa ya siku theluji imefunga barabara. Huwezi kupoteza wimbo hata mmoja.

Wimbo kuhusu jambo, na wimbo ambao ndo jambo lenyewe

Hapa ndo nilikosea mwaka wangu wa kwanza na bado naumia nikikumbuka. Nilifundisha nyimbo za Hanuka (ile sikukuu ya taa ya siku 8) nzuri kweli, za Kiingereza, za kuchekesha, moja ya mchezo wa pia, ile ya kuzungusha, moja ya maandazi ya mafuta, watoto wakazipenda, wazazi wakarekodi. Alafu jioni ya kwanza ya Hanuka tukakusanyika, nikampa mtoto wa miaka 9 mshumaa nikamwambia haya anza. Akaniangalia tu. Hakujua aanzie upande gani, hakujua maneno, hakujua kama anawasha kwanza au anaimba kwanza. Wiki 6 nilimfundisha nyimbo kuhusu Hanuka, Hanuka yenyewe hata siku moja.

Tangu siku hiyo nina mafungu mawili. Kuna nyimbo zinazozungumzia desturi, na kuna nyimbo ambazo ukiziimba ndo umeifanya desturi yenyewe: baraka ya mishumaa, baraka ya mkate, sala ya Shema ya kulala, maswali manne ya Pasaka (ya Kiyahudi, ya kukumbuka kutoka Misri). Za fungu la kwanza ni kama pilipili kwenye chakula, weka kidogo. Za fungu la pili ndo ugali.

Hatua ya 1: chagua tendo, wimbo utafuata

Kabla mwaka haujaanza chukua karatasi, usiandike majina ya nyimbo, andika matendo ambayo unataka mtoto ayaweze kwa mikono yake ikifika mwezi wa 5, mwaka wa shule ukiisha. Kuwasha mishumaa ya Sabato, kubariki divai (wao wanapewa juisi ya zabibu), kubariki mkate, kusikiliza baragumu la mwaka mpya, kukaa kwenye kibanda cha Sukot (sikukuu ya vibanda), kuwasha Hanuka, kuuliza maswali ya Pasaka, Havdala ya kufunga Sabato, Shema kabla ya kulala, kutoa tsedaka (sadaka). Hayo tayari ni 10 na yanatosha kabisa, ukiongeza utakuwa unakimbia tu.

Alafu nenda kwa kantori wa hapo, au anayeongoza nyimbo kama hawana kantori, umuulize: nyinyi hapa Ijumaa usiku mnaimba melodia gani? Usiruke hii. Maneno ni yaleyale dunia nzima lakini melodia ni nyingi ajabu, na ukimfundisha mtoto ile uliyoipenda wewe mtandaoni, siku akija na bibi yake kwenye ibada atasikia nyingine atanyamaza. Nataka mtoto aingie mle ndani asikie kitu anachokijua, afungue mdomo. Kwa baraka ndefu ya divai, masinagogi mengi ya Marekani yanatumia melodia ya Louis Lewandowski, mtunzi wa Berlin wa karne ya 19, ni ndefu lakini watoto wanaiweza ukiigawa vipandevipande.

Hatua ya 2: maneno kumi yanayofungua milango yote

Hiki ndo kitu ningependa mtu angeniambia mapema. Baraka nyingi za kutenda amri zinaanza na maneno yaleyale 10:

Barukh ata Adonai, Eloheinu melekh ha'olam, asher kideshanu bemitsvotav vetsivanu.

Maana yake umebarikiwa wewe Bwana Mungu wetu, mfalme wa ulimwengu, uliyetutakasa kwa amri zako na kutuamuru. Baada ya hapo unaweka mkia kulingana na unachofanya. Lehadlik ner shel Shabbat, kuwasha taa ya Sabato. Lehadlik ner shel Hanuka, taa ya Hanuka. Lishmoa kol shofar, kusikia sauti ya baragumu. Leishev basuka, kukaa kibandani. Al netilat lulav, kushika lile kuti la mtende la Sukot. Al akhilat matsa, kula mkate usiochachuka. Likboa mezuza, kubandika mezuza mlangoni, kile kisanduku chenye karatasi ya maandiko.

Kwa hiyo mtoto akishika yale 10, nusu ya kila baraka tayari iko mfukoni. Mkate na divai ni tofauti kidogo, yanaishia kwenye 6 ya mwanzo alafu unaruka: hamotsi lekhem min ha'arets kwa mkate, bore peri hagafen kwa divai. Waeleze kwamba kula mkate si amri, una njaa tu, unashukuru, ndo maana ile sehemu ya "kutuamuru" haipo. Watoto wa miaka 8 wanaelewa hii vizuri kuliko unavyodhani na wanajisikia wamepewa siri.

Namna ninavofundisha: wiki 3 za kwanza hatuimbi, tunapiga mapigo. Maneno 6 tukipiga mapaja, 4 tukipiga makofi. Wanasema kwa mdundo mpaka inakuwa kama mchezo wa kuruka kamba. Wiki ya 4 naweka melodia. Baada ya hapo nina kapu, ndani kuna mshumaa, kipande cha matsa, baragumu, mezuza, kuti, kikombe, mkate. Natoa kitu kimoja nakishika juu, wote wanaimba yale 10 (au 6!) na kumalizia mkia sahihi. Nikitoa mkate na mtu akaendelea na asher kideshanu darasa zima linapiga kelele. Mchezo huu wanauomba wenyewe, na unaweza kuucheza dakika 5 kila wiki mwaka mzima.

Kuhusu kutaja jina la Mungu mnapofanya mazoezi tu: mapokeo yanaruhusu kumfundisha mtoto baraka na maneno yake kamili, ila kuna walimu wanapenda kusema "Hashem" (yaani "lile Jina") badala ya "Adonai" (Bwana) kwenye mazoezi. Muulize rabi wa hapo anapenda vipi, ufuate.

Hatua ya 3: kuingiza wimbo kinywani

Usigawe karatasi. Usirushe maneno ukutani kwa projekta. Mtoto akipewa maneno ya kusoma macho yanaenda kwenye maneno na sikio linalala, na Kiebrania kilichoandikwa kwa herufi za Kizungu kinamfanya atamke kama Mmarekani anayesoma bili ya umeme. Sisi tuliokua tukisikia watoto wa chuoni, yaani madrasa, wakiitikia alasiri nzima tunalijua hili bila kufundishwa, mwalimu anatoa kipande, watoto wanarudisha, anatoa tena, wanarudisha, na baada ya mwezi mtu ana sura nzima kichwani.

Mpangilio wangu ni huu. Kwanza naimba melodia bila maneno, la la lai tu, wanasikiliza wamefumba macho. Mara ya pili wanaimba la la lai na mimi. Alafu maneno, kipande cha maneno 2 au 3, mimi wao, mimi wao. Wakishaunganisha vipande nawaambia maana kwa sentensi moja, sio hotuba. Mwisho kabisa tunaweka mikono. Wiki inayofuata ndo karatasi inatoka, na hapo wanafurahi kwa sababu wanagundua wanajua kusoma kitu ambacho tayari kinaishi mdomoni.

Ile sauti ya kh inawasumbua sana watoto wa hapa, wanasema baruk. Mtu wa Pwani anayesema kheri na khamsini ana bahati. Mimi nawaambia wapulize kioo cha dirisha kifanye ukungu alafu wakwaruze kidogo, inatoka.

Kuhusu sauti, tafadhali usiimbe chini. Walimu wazima wengi, hasa wanaume, wanachagua kii inayowafaa wao, watoto wanabaki wananguruma. Kwa wa miaka 5 mpaka 8 weka melodia kati ya ile D iliyo juu kidogo ya C ya kati ya piano mpaka A au B ya juu yake. Kama kodi za gitaa unazozijua ziko chini, weka kile kibanio kwenye shingo ya gitaa upandishe, usione aibu.

Na kitu kingine cha masikio. Nyimbo nyingi za Wayahudi wa Ulaya mashariki zinatembea kwenye ngazi ya sauti wanayoiita Ahava Raba au freygish. Mara ya kwanza kuisikia nilisimama, manake ilikuwa kama ngazi ya hijazi ya Kiarabu, sauti niliyoijua kutoka kwenye taarabu za harusi za nyumbani. Watoto wa Kimarekani masikio yao hayajazoea ile noti ya pili iliyoshuka, wanaipandisha bila kujua. Usiwagombeze, ipige peke yake kwenye gitaa mara nyingi, waizoee kabla ya wimbo.

Hatua ya 4: kitu halisi mkononi, na wimbo uanze wakati wake

Hapa nakaa kidogo kwa sababu ndo moyo wa kazi. Desturi ina mpangilio, na mpangilio unafundishwa na wakati wimbo unapoanza.

Chukua mishumaa ya Ijumaa. Unawasha kwanza, alafu mikono inazunguka juu ya moto kama unavuta mwanga kuja kwako, unaziba macho, ndipo unaimba baraka, ukimaliza unafungua macho. Sababu ni kwamba baraka ndo inaingiza Sabato, na kwa mapokeo Sabato ikishaingia moto hauwashwi, kwa hiyo watu wakaamua wawashe kwanza na wazibe macho, ili ukifungua iwe kama mwanga ndo unauona sasa hivi baada ya baraka. Hanuka ni kinyume, unaimba baraka kwanza ndo unawasha. Sasa ukiimba hizi baraka 2 darasani mmekaa tu kwenye viti, mtoto hawezi kuona tofauti hata kidogo. Ukiimba na mshumaa mkononi, kosa linajionyesha lenyewe, kiberiti kinamwambia. Na ikitokea Ijumaa iko ndani ya Hanuka, za Hanuka zinawashwa kwanza, alafu za Sabato. Hili swali watauliza, uwe tayari.

Kwa Hanuka pia kuna upande. Kila usiku unaongezwa mshumaa mmoja, na inapangwa kutoka kulia kwenda kushoto, lakini kuwasha unaanza na ule mpya wa kushoto. Sisi tunaimba tukipanga, tunanyamaza, tunaimba baraka, alafu mtoto anawasha kwa ule mshumaa mtumishi, wa kuwashia mingine. Usiku wa kwanza baraka ni 3, siku zingine 2, ile ya tatu ni Shehekheyanu, ya kushukuru kwa kutufikisha wakati huu. Mpe mtoto Shehekheyanu mapema sana kwenye mwaka maana inatumika pengi, sikukuu ikifika, tunda la kwanza la msimu, sisi tunaimba hata siku ya kwanza ya shule. Acha wapige hesabu mishumaa yote ya siku 8 pamoja na watumishi, ni 44.

Baragumu la Rosh Hashana, ule mwaka mpya, linafundishwa kwa midomo yao wenyewe kabla hujalitoa. Tekia ni sauti moja ndefu, shevarim ni 3 zilizokatika kama mtu anayevuta pumzi ya kilio, terua ni 9 fupifupi, na tekia gedola ni ndefu mpaka pumzi iishe. Mimi naita, wao wanajibu. Siku ya sikukuu yenyewe mtoto hasikii kelele tu, anazihesabu.

Shema ya usiku ni ya maneno 6, Shema Yisrael Adonai Eloheinu Adonai Ekhad, sikia Israeli, Bwana Mungu wetu, Bwana ndiye mmoja, ndo ile ya Kumbukumbu la Torati 6:4. Wanalala chini kwenye zulia, taa zimezimwa, mkono juu ya macho, neno moja kwa pumzi moja. Hata wale watundu wananyamaza. Sijui shughuli nyingine yoyote ya Jumapili inayotulia hivi.

Tsedaka tunaanza nayo kila Jumapili, kikopo kinazunguka na kila mtoto anatumbukiza sarafu wimbo ukiendelea, na wimbo hauishi mpaka kikopo kimefika kwa wa mwisho. Mswahili hapo hahitaji kamusi, tsedaka na sadaka ni ndugu wa damu, kama barakha na baraka, shalom na salama. Kwenye namba ndo utacheka kabisa, sheva ni saba, tesha ni tisa, arbaim ni arobaini.

Hatua ya 5: nyimbo zinazobeba orodha

Pasaka imejaa nyimbo za aina hii na ni kama wazee walikuwa walimu wa chekechea. Kuna ule wa mpangilio wa usiku mzima, Kadesh Urkhats, unaoimba majina ya hatua za seder (karamu ya usiku wa Pasaka) kwa zamu. Waimbishe na picha kubwa, kila mtoto anashika hatua yake anasimama jina likitajwa.

Maswali manne, Ma nishtana, kwa desturi yanaimbwa na mdogo kuliko wote mezani, na watoto wanayaogopa. Tiba yake iko kwenye kalenda ya Kiyahudi. Kutoka Purim (sikukuu ya kumkumbuka Esta), tarehe 14 Adari, mpaka Pasaka, tarehe 15 Nisani, ni mwezi mmoja, yaani kama Jumapili 4. Swali moja kila Jumapili. Mstari wa kufungua wafundishe kabla ya Purim. Ikifika Pasaka hakuna aliyekariri kwa hofu, imeingia polepole. Na usimfundishe mdogo peke yake, fundisha wote, kwa sababu huwezi kujua kwenye meza ya nani mdogo ni yupi, na mara nyingi mdogo analia dakika ya mwisho kaka yake inabidi aokoe.

Dayenu ina beti nyingi, watoto wadogo wape kiitikio tu, watu wazima wabebe beti. Ekhad mi yodea, nani ajua moja, inahesabu mpaka 13 na kila namba ina somo lake: mbao 2 za agano, baba 3, mama 4, vitabu 5 vya Torati, siku 7 za wiki, amri 10, makabila 12. Weka ishara ya mkono kwa kila namba na usiharakishe mwanzoni, mbio waache wenyewe wazianzishe.

Hatua ya 6: Havdala, na karafuu

Havdala ya Jumamosi usiku, ya kuaga Sabato, ndo somo zuri kuliko yote na shida yake ni moja tu, shule ni Jumapili asubuhi. Sisi tunaita familia Jumamosi 2 au 3 kwa mwaka, jioni nyota zikitoka. Mpangilio ni divai, manukato, moto, alafu baraka ya kutenganisha siku takatifu na siku za kazi. Melodia ya Debbie Friedman inafaa sana kwa sababu kati ya baraka kuna la la lai isiyo na maneno, kwa hiyo hata babu asiyejua neno lolote la Kiebrania anaimba, na huo muda wa la la lai ndo unaotumika kuzungusha vitu. Kikombe kinazunguka, la la lai. Manukato yanazunguka, kila mtu ananusa. Mshumaa uliosukwa unainuliwa, watoto wananyoosha vidole waone mwanga kwenye kucha. Mwisho unazimwa ndani ya divai, tsss, na chumba kinakuwa giza.

Kwenye kile kisanduku cha manukato wengi wa hapa wanaweka karafuu na mdalasini. Mara ya kwanza kisanduku kilinifikia nilinusa nikashindwa kuendelea kuimba, ilikuwa Forodhani mtupu, ilikuwa magunia ya karafuu za Unguja na Pemba kwenye majahazi. Siku hizi nawapa watoto karafuu moja moja waiponde kwenye kiganja, nawaambia inakotoka, na wanaenda nayo nyumbani ndani ya kitambaa. Kuna mama aliniambia mwanawe aliweka ile karafuu chini ya mto wiki nzima.

Hatua ya 7: wimbo uvuke mlango

Kama wimbo umebaki darasani, bado hujafundisha desturi. Kila Alhamisi natuma klipu ya dakika 1 kwenye grupu la wazazi, sauti yangu tu na gitaa polepole, na chini naandika kitu kimoja cha kufanya: Ijumaa hii washeni mishumaa miwili, mtoto anajua kuimba, mwachieni aongoze. Kitu kimoja tu. Nikiandika vitatu hawafanyi hata kimoja.

Elewa familia zako. Kwenye shule za Reform utakuta watoto wengi mzazi mmoja hakulelewa Kiyahudi, na hata yule aliyelelewa pengine anajua nusunusu na anaona haya mbele ya mtoto wake. Wimbo unamfundisha mzazi kupitia mtoto, kimyakimya. Kwa hiyo usimuulize mtoto Jumapili "mliwasha mishumaa?" Hapo umemwanika baba yake. Uliza "nani ameimba wiki hii, aliimba wapi?" Utasikia kwenye gari, kwenye beseni la kuogea, hospitali kwa bibi. Yote pokea.

Wale wakubwa

Wa miaka 11 mpaka 13, wanaojiandaa na bar mitsva au bat mitsva (sherehe ya kijana au binti kuhesabiwa mkubwa katika dini), ukiwapigisha makofi watakuchukia. Wape kazi. Wawe wao ndo wanawaimbisha wadogo, na wape maswali ya kweli. Kwa nini kitabu cha sala cha Reform cha 2007 kinawataja Sara, Rebeka, Raheli na Lea pamoja na Abrahamu, Isaka na Yakobo, na zamani ilikuwa majina ya wanaume tu? Waimbe namna zote mbili wasikie. Wachague desturi moja ambayo hawafanyi nyumbani, waijaribu wiki 4 na wimbo wake, alafu waje waseme wanaiendeleza au wanaiacha na kwa nini. Akisema anaiacha na ana sababu, mshukuru.

Kwa hawa pia naleta nyimbo za Abayudaya wa Uganda, Wayahudi wa upande wa Mbale, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, wanaoimba zaburi kwa Kiebrania na Kiganda kwa melodia zao wenyewe. Kuna mtoto wangu mmoja wa darasa mwenye mama kutoka Kampala. Siku ile alikaa mbele.

Mwezi wa 5

Usifanye tamasha. Najua wazazi wanapenda na mkuu wa shule atakuomba, lakini tamasha linakula Jumapili 5 za mazoezi na mwisho wake mtoto anajua kusimama kwenye mstari. Mimi Jumapili ya mwisho naweka meza ndefu, juu yake mishumaa, kikombe, mkate umefunikwa kitambaa, baragumu, kisanduku cha karafuu, kikopo cha tsedaka. Gitaa linabaki kwenye begi. Wanakuja wawiliwawili na mzazi nyuma yao, wanachagua kitu chochote pale mezani na kukifanya kuanzia mwanzo mpaka mwisho, bila msaada wangu. Nakaa pembeni na daftari. Palipokwama naandika jina la tendo, sio jina la mtoto, na kama matendo 3 yamekwamisha wengi basi hayo ndo yanafungua mwezi wa 9, kabla ya wimbo mpya wowote. Mwaka jana ilikuwa lulav, wote walisahau mkia.